Mnalisingizia deli

Sisi tunakodisha madeli, yale masanduku ya kutunzia vinywaji baridi. Wiki iliyopita nilipigiwa simu tatu, zote neno moja: "Deli lenu bovu." Ya tatu ilitoka kwa msimamizi wa saiti moja Kigamboni, saa saba na nusu mchana, na alikuwa anaongea kama mtu aliyeibiwa. Alikodi madeli mawili kwetu alfajiri, akalipa taslimu, na sasa mafundi wake wanakunywa maji ya uvuguvugu wakati zege halijafika hata nusu ya slabu. Anataka hela yake.

Nikachukua bodaboda, nikavuka daraja, nikaenda. Deli la kwanza nilifungua mbele yake. Katoni mbili za maji ya nusu lita zilikuwa zimemiminwa humo, chupa zinaelea kwenye maji yaliyokuwa barafu, na kifuko kimoja cha barafu ya kilo 5 kimebaki kitupu pembeni. Nikagusa mpira wa mfuniko: mzima. Bawaba: nzima. Nikamuuliza maji kayanunua wapi. Duka la jumla, njiani, yalikuwa yamepangwa nje. Na deli lenyewe lilikaa wapi tangu asubuhi? Juu ya rundo la kokoto, jua la utosi.

Jamani, deli si friji. Halitengenezi baridi, linatunza ulichokiweka. Ndiyo maana kuna mama ntilie wanaotunzia wali wa moto kwenye deli lilelile ambalo mwenzao anauzia barafu. Ukiliwekea maji ya moto asubuhi, litakutunzia umoto wako vizuri kabisa.

Hesabu yenyewe ni hii, na huwa nawaandikia wateja nyuma ya risiti. Katoni mbili za chupa 24 za nusu lita ni lita 24. Maji yaliyotoka dukani na joto la Dar ni nyuzi 30 hivi. Kuyashusha hadi nyuzi 5, ile baridi ukishika chupa unasikia raha, yanakula kilo 7 za barafu. Kilo 7 zimekwisha na hujaanza siku! Hapo bado kuta za deli lenyewe zilizokuwa na joto, na mfuniko unaofunguliwa kila dakika. Yeye aliweka kilo 5. Maji hayakuwahi kufika baridi hata kwa dakika moja, yalipoa kidogo halafu yakaanza kupanda tena. Lakini maji hayohayo yangelala kwenye friza letu usiku, yakaingia kwenye deli yakiwa na nyuzi 8, yangehitaji kilo moja tu kumalizia. Barafu iliyobaki ingefanya kazi yake halisi, kuyatunza mpaka jioni.

Ndiyo hiyo huduma ya shilingi 1,000 kwa katoni ambayo watu wakiiona kwenye bei wanaguna. "Kupoza tu elfu moja?" Friza mbili zinanguruma usiku kucha, na Luku ya umeme haisomi huruma. Nami siweki maji yako saa kumi na moja alfajiri nikasema yamepoa. Nayapokea kabla ya saa mbili usiku, nayapanga kwa nafasi ili baridi ipite katikati, na usiku wa manane naamka kuyageuza, ya chini juu, ya juu chini, yasije yakagandiana upande mmoja. Msimamizi alikataa kulipa elfu nne. Mchana alimtuma kijana dukani kununua maji ya baridi kwa bei ya rejareja mara tatu. Sikumuuliza yalifika shilingi ngapi.

Na kusema kweli, hata kama yangekuwa baridi, yasingetosha. Watu 20 kwenye kumwaga zege, kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi inavuma na jasho linatiririka bila kukauka. Jasho lisilokauka halikupozi, linakumaliza tu. Kwa kazi kama hiyo kila mtu anahitaji kikombe cha robo lita kila baada ya dakika 20 hivi, hata kama hana kiu, kwa sababu kiu huja imechelewa. Hiyo ni lita 15 kwa saa moja kwa saiti nzima. Katoni zake nne, lita 48, zilikuwa za saa tatu na ushee. Kwa saiti siku hizi sikupi chupa kabisa isipokuwa ung'ang'anie. Nakupa deli la duara lenye koki, maji safi yamepozwa ndani, vikombe vyenu, na mfuniko haufunguliwi hadi jioni. Koki inafungua tundu dogo chini, mfuniko unafungua deli zima. Mtu mmoja anayechagua chupa "iliyo baridi zaidi" huku mfuniko uko wazi anawaharibia wenzake kumi na tisa.

Kwa nini nasisitiza baridi wakati maji ni maji? Nimeona kwa macho. Maji ya moto watu wanaonja, wanatema mate, wanarudi kazini. Maji ya baridi wanakunywa kikombe kizima na kuongeza. Siku ileile nilimkuta saidia fundi mmoja amekaa chini ya mwembe, miguu imemkaza, hajaenda haja ndogo tangu asubuhi. Tulimlaza kivulini, tukamlowesha kichwa na shingo, tukamchanganyia lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari, vya kusawazisha siyo vya mlima, na nusu kijiko cha chumvi. Akanywa taratibu, akarudi katika hali yake. Angekuwa ameanza kuongea vitu visivyoeleweka tungemwahisha hospitali, siyo kumpa kikombe.

Bibi yangu Singida alikuwa na mtungi, na shangazi zangu wakija mjini huniambia deli ni anasa. Mtungi wa udongo ni fundi kweli, unatoa jasho kwa nje na jasho likikauka maji ya ndani yanapoa. Lakini Singida hewa ni kavu. Mtungi huohuo uweke Mbagala, hapa Dar penye hewa ya unyevu, mwezi wa pili, utalowa kwa nje na maji yatapoa kidogo tu.

Sasa barafu, maana hapa ndipo njia ya mkato inapowauma wengi. Barafu ya bonge ya soko la samaki ni rahisi kuliko yetu, sikatai. Imetengenezwa kwa ajili ya samaki. Kuganda hakuui vijidudu vyote, vingi vinalala tu, na barafu ikiyeyuka vinaamka kwenye glasi ya mgeni wako. Mwaka jana mama mmoja wa kamati ya sendofu alikodi madeli manne kwetu, barafu yetu akaikataa kwa sababu ya bei, akaenda kuchukua mabonge soko la samaki la Feri. Vijana wakayavunja ndani ya deli kwa nondo. Ndani ya deli, kwa nondo! Jioni juisi ya ukwaju ilikuwa na harufu ya changu, na mawili yakarudi na matobo kwenye ukuta wa ndani.

Tobo la ndani mteja halioni ni kitu. Lakini kati ya kuta mbili za deli kuna povu gumu, na povu hilo ndilo unalolilipia. Maji yakiingia humo hayatoki, na povu lililolowa halizuii joto tena. Kwa nje deli linang'aa, kwa kazi ni ndoo yenye mfuniko. Nilizuia dhamana yake ya madeli mawili, naye akasema kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kwamba sisi ni matapeli. Madeli hayo mawili bado yapo stoo. Yeyote anayetaka kuona utapeli wetu aje ayanyanyue asikie uzito. Mengine mawili yalituchukua siku tatu za jiki, ndimu na jua ndipo harufu ikatoka.

Kama bajeti imebana kabisa, afadhali ufanye hivi kuliko hayo. Chukua chupa za maji ya kunywa, punguza kidogo zisijae mpaka juu maana maji yakiganda yanavimba, zigandishe siku mbili kwenye friza la nyumbani, kisha zipange katikati ya zile za kawaida zilizopoa. Zinayeyuka polepole kuliko barafu ya vipande, na zikiyeyuka unazinywa. Barafu ikishageuka maji usiyamwage, bado ni ya baridi na yanaizunguka chupa pande zote. Nafasi tupu ya juu ijaze taulo safi, maana deli nusu linaisha baridi haraka kuliko lililojaa. Bia na maji zisikae deli moja. Wa bia wanafungua mara nyingi, na sisemi zaidi.

Msimamizi wa Kigamboni nilimrudishia nusu ya hela ya deli moja, siyo kwa sababu lilikuwa bovu, bali kijana wetu aliyelipeleka alimwona akilipanga maji ya moto na hakusema kitu. Hilo ni kosa letu. Sasa kila deli linatoka na karatasi ya maelezo imebandikwa ndani ya mfuniko, na anayepeleka anasubiri mpaka aone linavyopangwa.

Maji ya kupozwa yaletwe siku moja kabla, mwisho saa mbili usiku. Na deli likirudi, tafadhali lirudisheni na mfuniko wazi. Yaliyofungwa na unyevu tangu Jumamosi tunayafungua Jumatatu tukiwa tumeziba pua.