Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: kuhusu wanaosema na wasioandikwa

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo. Mimi ni msaidizi wa kisheria ngazi ya kata. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa pembeni ya wazee wanapopeleka malalamiko ya ardhi, na kuwatafsiria Kigogo pale Kiswahili kinapowaishia. Nakuandikia jambo ambalo sidhani linaingia kwenye taarifa unazoletewa: watu wanafika mezani, wanaeleza, na wanaonekana waongo au wajinga kabla hawajamaliza kusema.

Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja jina, bibi mmoja aliulizwa mpaka wa shamba lake unapita wapi. Akaeleza: unaanzia kwenye minyaa, unashuka hadi kaburi la mkwewe, kisha unafuata korongo. Akaulizwa amelima pale tangu lini. "Tangu kabla ya Operesheni. Na mwaka ule wa treni ya Igandu nilishampa mwanangu upande wa juu." Afisa akamgeukia mwenzake: "Hata mwaka haujui." Hakuandika kitu. Baadaye kidogo mjukuu, kijana wa shati la kuchomekea, akarudia maneno yaleyale, ila akaweka "miaka ya sabini" na "2002". Yakaandikwa yote, kwa jina la kijana. Huyo kijana wakati wa Operesheni hata baba yake alikuwa hajaoa.

Mheshimiwa, bibi alikuwa ametaja tarehe. Operesheni Dodoma, watu walipohamishiwa vijijini, ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ajali ya treni ya Igandu, hapa Chamwino, ilitokea tarehe 24 Juni 2002 na ikaua watu 281. Mtu mzima wa Chamwino haisahau. Aliyepaswa kugeuza kauli ile kuwa tarakimu ni mwenye kalamu, na angeweza kufanya hivyo kwa swali moja tu la nyongeza.

Kwa nini hakuuliza? Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alishamweka bibi kwenye fungu lake: mzee, mwanamke, lafudhi nzito, kandambili, na juu ya yote Mgogo. Tunataniwa nchi nzima kwamba sisi ni ombaomba, na utani wenyewe hauna neno. Watani ndio wanaotuchekesha msibani. Ila wanaotania hawakumbuki njaa kama ile ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, ambapo majeshi ya Vita Kuu yalichukua ng'ombe na nafaka za Ugogo, kisha ukame ukamalizia. Utani ukihamia kwenye meza ya malalamiko, kila anayefika pale anadhaniwa amekuja kuomba, hata akiwa amekuja kutoa ushahidi.

Na hana pa kutokea. Akikumbuka kila kitu, "amelishwa maneno". Akisahau kidogo, "anatunga". Mjane akilia anaigiza. Asipolia, mbona hana uchungu?

Sisemi wazee hawadanganyi. Nimeshatafsiri uongo mtupu, tena uliopangwa vizuri. Lakini uongo unakamatwa kwa kupambanisha kauli na kauli, na kwa kwenda shambani kuangalia kama kaburi lipo. Mahakama ya Rufani ilishasema, katika hukumu iliyomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 2006, kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa isipokuwa kuwe na sababu nzuri na za msingi za kutomwamini. Kandambili si sababu ya msingi.

Kinachoniumiza zaidi ni kilichofuata. Siku nyingine bibi alikataa kuzungumza. "Sema wewe, mwanangu, wewe watakusikia." Mimi shamba lile silijui.

Najua mahakama na mabaraza ya ardhi si yako kuyaelekeza. Watendaji wa kata, maafisa ardhi na siku za kusikiliza kero ziko chini ya macho yako. Tangu Dodoma iwe jiji mwaka 2018 ardhi ya pembezoni imepanda bei, na anayejua mpaka wa zamani mara nyingi ni mtu wa aina ya bibi yule. Naomba uagize maelezo yaandikwe kwa jina la aliyeyasema, asomewe kabla ya kuweka dole gumba, na asikatwe kalima. Afisa akiyakataa, aandike sababu. Kiswahili kuwa lugha ya mahakama tangu 2021 ni jambo jema, ila kuna wazee wa Kigogo, Kirangi na Kisandawe ambao bado wanahitaji mkalimani asiye ndugu yao.

Wakalimani wapo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua wasaidizi wa kisheria, na wengi wetu tunazijua lugha hizo tangu utotoni. Ukipanga ziara yako ijayo ya vijijini, tuarifu wiki moja kabla. Hatudai posho, nauli ya bodaboda inatosha.

Wako mtiifu,
Msaidizi wa kisheria, Chamwino