Somo la utumwa lisiishie Mkunazini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kila mwaka ninapofika kwenye mada ya utumwa, nikiwa mwalimu wa historia hapa Wete.

Wanafunzi wetu husoma kuwa soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, lilifungwa mwaka 1873, baada ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, kutia saini mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara hiyo, kisha wenye uwezo hupelekwa Unguja kuliona kanisa lililojengwa mahali pa soko hilo, na mada ikafungwa. Mtoto wa Pemba hubaki akidhani kwamba utumwa ulikuwa jambo la Mjini, lililohusu watu wa kupita tu. Haambiwi kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na kwamba kwa ajili ya mikarafuu hiyo watumwa waliendelea kuletwa kisiwani kwetu kwa siri hata baada ya mkataba. Haambiwi kuwa amri ya mwaka 1897 ya kufuta utumwa haikumwacha mtu huru papo hapo, bali ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake, huku fidia ikilipwa kwa bwana. Wala kuwa masuria waliwekwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Huo si wakati wa mbali. Wapo wazee tunaoamkiana nao ambao bibi zao waliuona.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu alimwita mwenzake "mjukuu wa watumwa", na darasa zima likacheka. Nilimkemea, nikageukia ubao na kuendelea. Ninalijutia hilo mpaka leo, kwa sababu ukali wangu uliwathibitishia wote, na yule mtoto akiwamo, kwamba asili yake ni aibu isiyofaa kutajwa.

Tangu siku ile naanza na maneno. "Mjinga", tusi tulitoalo ovyo, lilikuwa jina la mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za pwani. Aliyezaliwa huku aliitwa mzalia. Huwa naleta kipande cha kaniki na kueleza kuwa hilo lilikuwa vazi la mtumwa mwanamke, na kwamba walipokuwa huru wanawake hao waliliacha, wakajifunga kanga na kuvaa buibui kama waungwana. Hapo ndipo maswali huanza, na hapo ndipo humtaja Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mtoto wa Fumba wa ukoo wa watumwa, ambaye sauti yake ilirikodiwa katika santuri mwaka 1928.

Najua wapo wanaohofia kuwa kuyafukua haya ni kuchochea chuki, na kwa anayekumbuka ghasia za Juni 1961 na Mapinduzi ya Januari 1964 hofu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini kimya chetu hakijawazuia watoto kuulizana asili. Kimewaacha wajibiwe barazani, bila ya kujua kwamba enzi ya ukoloni watu wengi walibadili kabila lao kutoka hesabu moja ya watu hadi nyingine, na kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula ulifuata kabila la mtu.

Naiomba Wizara ya Elimu iifikishe mada hii hadi mwaka 1909, iiingize mikarafuu ya Pemba ndani yake, na itupatie walimu mafunzo ya namna ya kumjibu mtoto anayechekwa, maana mimi siku ile sikuwa nayo.

Mwalimu wa historia,
Wete, Pemba