Samaki hawali mwezi wa sita? Usiwaongezee chakula

Kila mwaka mwezi wa sita ukianza, tunapigiwa simu asubuhi kwa jambo lile lile: «Papa, wale tilapia mlioniuzia wamekataa kula.» Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, alitujia na wawili ndani ya ndoo, akiogopa kwamba wana ugonjwa. Hawakuwa na ugonjwa. Walisikia baridi.

Lubumbashi iko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto laweza kushuka chini ya digrii 10. Mwili wa samaki unafuata maji. Maji yakifika digrii 18 tilapia anadonoa tu; karibu na 16 anaacha kabisa. Mwenye bwawa anaingiwa na huruma, anamwaga pumba na mabaki ya bukari (ugali), na hapo ndipo samaki wanapokufa. Chakula kinaoza chini, uozo unamaliza hewa ya majini, na alfajiri unawakuta wote juu, midomo wazi. Inatuuma sana, maana samaki hao wangeishi kama wangeachwa na njaa kidogo.

Wape kiasi kidogo mara moja, saa nane mchana, jua likiwa limepasha maji. Usiwavue kwa wavu kuwaangalia: ngozi ikichubuka wakati wa baridi, inaota ukungu mweupe kama pamba.

Kina cha bwawa ndicho kinga kubwa. Bwawa la sentimita 50 linapoa lote kwa usiku mmoja. Chimba upande mmoja ufike mita moja na nusu, samaki watajikusanya huko wenyewe.

Ukituuliza samaki mgumu kuliko wote, tutakwambia kambare. Maji yakikosa hewa, yeye anapanda kuvuta ya juu. Lakini mtie akiwa mdogo kuliko tilapia, la sivyo atawameza, na uzungushe ukuta: usiku wa mvua kubwa anatambaa nje. Sisi wenyewe tuliwahi kuokota kambare kwenye matembele ya jirani.

Vifaranga vya samaki hatuuzi mwezi wa sita wala wa saba, hata ukija na pesa mkononi. Chimba bwawa sasa. Tutakuletea mwezi wa tisa, maji yakiwa yamepata joto.