Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu imehangaika zaidi na jambo moja: mwanachama mwenye ulemavu aweze kujaza fomu ya mtandaoni mwenyewe, bila kumkabidhi kijana wa steshenari neno lake la siri na namba yake ya NIDA. Asiyeona akijaziwa fomu, hana njia ya kuhakiki kilichoandikwa. Habari za afya yake na madeni yake zinabaki mikononi mwa mtu asiyemjua.

Wanachama wasioona wanaotumia NVDA na TalkBack, programu za kompyuta na simu zinazosoma skrini kwa sauti, walikaa pamoja na wenye uoni hafifu, viziwi na wasioweza kushika kipanya, wakazipitia fomu za ajira, benki na vyuo. Kasoro zilijirudia. Visanduku havina majina, kwa hiyo programu ya kusoma skrini inatamka "andika hapa, andika hapa", nawe hujui pa jina ni wapi na pa tarehe ya kuzaliwa ni wapi. Kosa linaonyeshwa kwa rangi nyekundu tu. Muda unakatika na yote yanafutika kabla anayeandika kwa kidole kimoja hajafika mwisho. Msaada unaombwa kwa simu pekee. Kiziwi apige vipi?

Linaloniuma ni kwamba marekebisho mengi ni madogo. Kukipa kisanduku jina ni mstari mmoja wa msimbo. Mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, WCAG, upo tangu 1999 na toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. NVDA ni bure. Taasisi moja ilikubali tuketi na mafundi wake. Walizima skrini, wakaisikiliza fomu yao wenyewe, kisha wakairekebisha. Wengine hawajatujibu.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya 2010. Mikopo ya halmashauri nayo imetutengea asilimia 2 ya mapato ya ndani. Haki hizo zisikwamie kwenye kitufe kisichosomeka.

Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina. Nakala za breli zipo mezani.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe nauli na bando kwa wanachama wanaopima fomu, kwani hadi sasa wanajigharamia. Inaomba pia ridhaa yenu tuiandikie wizara inayosimamia TEHAMA, tukitaka fomu yoyote ya umma ipimwe na watu wenye ulemavu kabla ya kuzinduliwa.