Shukrani kwa kaka wa Segera

Kaka yangu, jina hukutaka kututajia. Gari letu lilizima usiku pale njia panda ya Segera tukimpeleka bibi kumzika Korogwe, nawe ukalivuta mpaka nyumbani, ukakataa hata hela ya mafuta.

Nataka umjue uliyemsindikiza. Alikuwa mwalimu wa serikali. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, bibi alifundisha watoto asubuhi, jioni akawasomesha wazazi wao kwa taa ya chemli. Hata alipostaafu, wazee waliokwama na fomu za mafao walimfuata yeye.

Tulimzika kwa wakati, kwa ajili yako. Mungu akuzidishie. Ukipita Korogwe karibu nyumbani, mama anakuulizia sana.