Pointi 1.5 za Makerere si pointi 1.5 zetu

Ndugu Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa kuwapa wasichana nafasi zaidi vyuo vikuu, hakosekani wa kusema: tufanye kama Chuo Kikuu cha Makerere cha Uganda, tuwaongezee pointi 1.5. Nia naiunga mkono. Namba hiyo ikihamishwa kama ilivyo, hata hivyo, watakaoumia ni wasichana wenyewe.

Makerere walianza nyongeza hiyo mwaka 1990. Swali ni 1.5 ya ngapi. Uganda, A ya kidato cha sita ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3. Haziishii hapo. Masomo mawili yaliyo ya lazima kwa kozi huzidishwa mara 3, la tatu mara 2. Juu yake huja General Paper (mtihani wa maarifa ya jumla) na somo dogo, pointi moja moja, halafu desimali za kidato cha nne: kwa mtaala wao wa zamani, kila somo la ufaulu wa juu 0.3, wa kati 0.2, wa chini 0.1.

Chukua waombaji wawili wa uhandisi waliolingana kwa kila kitu: Fizikia C, Hisabati C, kidato cha nne sawasawa. Tofauti ni Kemia tu, mvulana ana C na msichana D. Mvulana anapata 12+12+8, yaani 32. Msichana ni 12+12+6, yaani 30, mwongezee 1.5, afike 31.5. Bado kaachwa. Ile D ingekuwa ya Hisabati, angeachwa mbali zaidi. Kwa hiyo nyongeza ya Makerere hairushi mtu daraja hata moja la somo kuu. Inafanya kazi kwenye desimali za kidato cha nne, kati ya waliofungana kidato cha sita. Wanaodai wasichana wa kule "wanaingia kwa viti maalumu" hawajawahi kukaa na kalamu wakapiga hesabu.

Sasa walete hao hao kwetu Tanzania. Hapa A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na hakuna kuzidisha. Mvulana mwenye CCC ana 9. Msichana mwenye CCD ana 8, ukimpa 1.5 anakuwa na 9.5. Kampita! Madaraja yale yale, nyongeza ile ile, matokeo yamepinduka, kwa sababu daraja moja kwao lina thamani ya pointi 2 au 3 na kwetu ni 1.

Masomo matatu kwao yana kilele cha 48, kwetu 15. Ukiibadilisha 1.5 yao kwa kipimo chetu, haifiki hata 0.5 tunayompa mwenye S, daraja la chini kabisa lenye pointi.

Wengine wanasema hata Marekani wamefuta upendeleo wa udahili. Hukumu ya Juni 29, 2023, dhidi ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina ilihusu rangi, haikugusa jinsia. Inayotuhusu zaidi ni ya 2003: Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa kikimpa mwombaji wa jamii za wachache pointi 20 katika mizani ya 150, moja kwa moja, na mahakama ikaikataa. Siku hiyo hiyo ikaruhusu utaratibu wa kitivo chao cha sheria, uliompima kila mwombaji kwa ujumla wake.

Kwetu historia inaonyesha njia nyingine. Azimio la Musoma la 1974 lilidai mtu afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu. Idadi ya wanawake ikashuka, na 1976 wakaondolewa sharti hilo. Hakuna aliyeongezewa alama. Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaandaa mafunzo ya awali kwa wasichana wa sayansi waliopungukiwa kidogo: wanasoma, wanapewa mtihani, anayefaulu anaingia. Hiyo ndiyo ya kufufua, maana D ya Hisabati haiwi C kwa kuongezewa pointi kwenye kompyuta ya udahili. Itamfuata mwaka wa kwanza, kwenye kalkulasi, sapu (mtihani wa marudio) ya kwanza, ya pili, mwishowe anadisko, yaani anaondolewa chuoni kwa kufeli.

Na kama wakubwa wameshaamua nyongeza lazima iwepo, basi iwe 0.4, iamue tu kati ya 9 na 9, na apewe kwanza aliyesoma shule ya kata isiyo na maabara.

Ofisa udahili mstaafu,
Morogoro