Barua ya wazi kwa vijana mnaojipanga kuchangia damu siku ya msiba

Wanangu,

Jengo likiporomoka au mabasi yakigongana, mnaacha shughuli zenu mnaenda kujipanga nje ya benki ya damu. Wa dini hii na ile, wa chama hiki na kile, mikono ya mashati imekunjwa. Siku hiyo taifa linaonekana kwa macho. Heko kwenu. Sasa nisikilizeni, maana foleni ile ina kasoro ambayo watu huona haya kuitaja wakati wa kilio.

Majeruhi wa leo haokolewi na damu mnayotoa leo. Chupa moja, takriban mililita 450, hujaa kwa dakika kama 10, lakini haipelekwi wodini papo hapo. Lazima ipimwe VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, ijulikane na kundi lake. Hiyo ni kazi ya saa nyingi, pengine siku nzima na zaidi. Anayeingizwa hospitalini akivuja damu huwekewa chupa iliyotolewa wiki 2 au 3 nyuma, na mtu ambaye hakuna aliyempiga picha.

Tena damu haikai. Katika jokofu la nyuzi 2 hadi 6, damu nzima hudumu siku 35. Chembe nyekundu zilizotengwa na kuongezewa maji ya kuzihifadhi huweza kufika 42. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwa kawaida hudumu siku 5, na hizo hazitaki baridi: hutikiswa polepole katika nyuzi 20 hadi 24. Marekani, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, watu walijitokeza kwa mamia ya maelfu. Majeruhi walihitaji chupa mia chache tu, na nyingi zilizobaki zikamwagwa. Hasara ya pili ndiyo huniumiza zaidi: kila aliyetoa siku hiyo amejifungia mlango. Mwanamume husubiri wiki 12, karibu miezi 3; mwanamke wiki 16, karibu miezi 4. Umati ukitawanyika, huja ukame, na wanawake wanaotokwa damu baada ya kujifungua hawangoji msiba wa taifa.

Kwa hiyo nawashauri mbadili foleni iwe zamu. Chukueni kikundi cha watu 80: wanaume 48, wanawake 32. Wagawanyeni wanaume katika wiki 12, wanawake katika wiki 16. Kila wiki wanapatikana wanaume 4 na wanawake 2, yaani chupa 6 bila kukosa, na hakuna anayerudi kabla ya muda wake. Ongezeni wa akiba wawili watatu, kwa kuwa homa na safari hazikosekani. Wenye kundi la O hasi wawekeni kando ya ratiba: chembe zao nyekundu hupewa mtu ambaye kundi lake halijajulikana bado, basi waulizeni watu wa benki wanawahitaji lini.

Siku ya zamu, mtu ale kama kawaida na anywe maji kama nusu lita kabla ya kulala kitandani kutolewa damu. Awe na miaka 18 au zaidi, uzito usiopungua kilo 50, na asiwe mjamzito wala ananyonyesha. Akimaliza akae dakika 15. Kuna wanaozirai kwa kuruka mlo au kuinuka upesi. Mlazeni, miguu juu, naye atazinduka. Mmoja akianguka mbele ya foleni, kumi nyuma yake hukumbuka ghafla kwamba wana haraka.

Kuna jambo moja sitalipaka asali. Wengine huenda kutoa damu ili wapimwe bure. Ambukizo la siku chache huweza kupita vipimo bila kuonekana, na chupa hiyo humfikia mgonjwa. Mwenye shaka aende kituo cha kupima. Vivyo hivyo anayesukumwa na ukoo kumtolea mgonjwa wao: huona aibu kukataa, akaficha aliyoulizwa kwenye fomu. Husemwa damu nzito kuliko maji, lakini jokofu la benki halijui shangazi wala binamu. Unampa usiyemjua, wa kabila usilolijua, na hatakuja kukushukuru. Kwangu mimi, uraia ndio huo.

Atakayerudishwa kwa upungufu wa damu asinyong'onyee wala asidanganye wiki ijayo. Mpeni daftari la zamu. Yeye ndiye atakayepiga simu Jumatano kuwakumbusha wale 6 wa Jumamosi.

Mzee wenu